Domeni Yenye Mkia wa Pekee: Uiuze, Uishike au Uiache?

Barua pepe huwa fupi: domeni yako, yaani jina la tovuti, itaisha muda wake baada ya siku 30, bofya hapa ulipie. Jina lenyewe ulilinunua usiku mmoja wazo likiwa bado la moto. Halikuwa la .com, lilikuwa la .club, .guru, .xyz, .ai au mkia mwingine wa jamii hiyo. Mwaka wa kwanza ulilipa bei ya kutupwa. Tovuti hukuijenga. Sasa unaulizwa tena kama bado unalitaka, na kila mwaka jibu limekuwa lilelile: ngoja nilipie, huenda siku moja akatokea mtu.

Habari zinazosambaa ndizo zinazidi kuchanganya. Mwaka 2023 jina you.ai liliuzwa kwa dola 700,000 za Marekani. Watu wakisoma hivyo, kila mwenye jina lisilo la kawaida hujiona amekalia mgodi. Wachache wamekalia mgodi kweli. Walio wengi wamekalia bili, na kujua uko kundi gani hakuhitaji bahati wala programu ya kukadiria thamani. Kunahitaji kuelewa unachokimiliki hasa, kisha kupiga hesabu ndogo ambayo wengi huikwepa.

Nani ni nani

Domeni ni lile jina unaloandika ili kompyuta ikupeleke kwenye tovuti fulani, au linalokaa baada ya alama ya @ kwenye barua pepe. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho huitwa kiendelezi; hapa nitaziita mkia, ni rahisi zaidi. Kila mkia una mtunza rejista wake, yaani kampuni au taasisi inayoshika daftari kuu la majina yote yenye mkia huo na kupanga bei ya jumla. Wewe hununui kwake moja kwa moja. Unapitia kwa wakala wa usajili, naye anaongeza chake juu na kukutoza kila mwaka. Utaratibu mzima duniani unaratibiwa na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998.

Hapo ndipo ule msemo kwamba "domeni ni kiwanja cha intaneti" unapoanza kupotosha. Domeni inafanana zaidi na fremu ya duka ya kupanga. Una haki nayo maadamu unalipa kodi. Mtu akiitaka unaweza kumwachia akakulipa kilemba, hata kilemba kinono. Lakini mwenye jengo yupo palepale: anaweza kupandisha kodi, anaweza kuuza jengo zima kwa mwingine, na siku usipolipa kufuli hubadilishwa. Ukiuza domeni, unachouza ni kilemba. Ukiishika bila kuitumia, unalipa kodi ya fremu tupu huku ukimsubiri mtu wa kilemba.

Wingi wa mikia ni habari mbaya kwa muuzaji

Mikia ya kwanza, .com ikiwamo, ilianza mwaka 1985, na kwa miaka mingi ukiacha ile ya herufi mbili ya nchi, iliyobaki ilihesabika kwa vidole. Mwaka 2012 ICANN ikafungua mlango: mwenye uwezo na aombe mkia wake, ada ya maombi dola 185,000. Maombi 1,930 yakaingia. Mikia mipya ilianza kuingizwa kwenye mfumo mwishoni mwa 2013, na iliyoongezwa kutokana na duru ile imepita 1,200.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba majina mazuri ya .com yamekwisha, kwa hiyo haya mengine lazima yapande. Nusu ya kwanza ina ukweli. Ya pili haifuati. Mnunuzi aliyekosa neno lake kwenye .com anakuta mikia kwa mamia imepangwa mbele yake, na mingi bado haina mtu kwa neno hilohilo. Mtajie dola 5,000 kwa neno lake likiwa na .life, naye atatazama .world, .online, .site na .store. Mmoja ukiwa wazi kwa ada ya kawaida, mazungumzo yenu yamekwisha. Wewe unaona jina ni moja tu duniani, na ni kweli ni moja, lakini mbadala wake ni nyingi.

Kuna hali moja ambapo mbadala haupo: neno na mkia vinapoungana kuwa msemo ambao watu wanautumia tayari. Jina vacation.rentals liliuzwa mwaka 2018 kwa dola 500,300. Soma lote kwa pamoja: ni jina la biashara nzima ya kupangisha nyumba za likizo kwa Kiingereza. Ondoa mkia uweke .club na hakuna anayelitaka kwa bei hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni kama mkia wako unakamilisha neno au umebandikwa tu kwa kuwa .com ilikuwa imechukuliwa. Kama umebandikwa, shusha matarajio yako papo hapo.

Wingi wa usajili nao si kipimo. Utasikia mkia fulani unasifiwa kuwa una mamilioni ya majina. Mkia .xyz ulipofunguliwa mwaka 2014 sehemu kubwa ya takwimu zake za mwanzo ilitokana na wakala mmoja kuwawekea wateja wake majina ya bure kwenye akaunti zao bila wao kuomba. Mwaka uliofuata Google ilipounda kampuni mama yake, Alphabet, na kuiweka kwenye abc.xyz, mkia huo ukapata heshima ya kweli. Ni mkia uleule, ila tukio la kwanza linaonyesha majina yaliyogawiwa na la pili linaonyesha mtu aliyelihitaji jina. Ukitathmini mkia wako, tafuta matukio ya aina ya pili: tovuti zinazofanya kazi, kampuni zinazoandika anwani hiyo kwenye matangazo yao.

Wazee wa soko hili hawajausahau mkia .mobi. Ulifunguliwa mwaka 2006 kwa ahadi kwamba simu za mkononi zitahitaji tovuti zao maalumu. Mwaka huohuo flowers.mobi ilinunuliwa mnadani kwa dola 200,000. Baada ya muda mfupi simu zikaweza kufungua tovuti za kawaida bila shida, na sababu ya mkia kuwapo ikayeyuka. Jina lile lilipouzwa tena baadaye lilipata kipande kidogo tu cha fedha zile. Maua bado yananunuliwa, tena kwa simu. Kilichokufa ni hoja ya mkia.

Herufi mbili ni nchi, hata kama zinasomeka vingine

Mikia ya herufi mbili ni ya nchi na maeneo. Mkia .tv ni wa Tuvalu, .co wa Kolombia, .ly wa Libya, .ai wa Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibea kilicho chini ya Uingereza. Bahati ya herufi imeigusa Anguilla kwelikweli: mwaka 2023, katikati ya msisimko wa akili mnemba, mkia huo uliiingizia takriban dola milioni 32, karibu moja ya tano ya mapato ya serikali yake. Mwenye jina zuri la .ai leo ana wanunuzi wengi kuliko aliyekuwa nalo miaka 10 iliyopita. Hilo sibishani nalo. Ninachosema ni kwamba soko lenye joto ndilo la kuuzia, na wengi hufanya kinyume: bei zikiwa juu wanasubiri zipande zaidi, zikishuka wanaanza kutafuta mnunuzi. Tena .ai husajiliwa kwa miaka 2 kwa mkupuo, kwa hiyo kila uamuzi wa "ngoja kidogo" unagharimu mara mbili.

Hatari ya mikia hii ni kwamba nchi ina sheria zake. Mwaka 2010 watunza rejista wa .ly waliifuta vb.ly, huduma ya kufupisha viungo, wakisema maudhui yake hayapatani na sheria za Libya. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, majina zaidi ya 80,000 ya .eu yaliyosajiliwa na watu wa huko yalisimamishwa Januari 2021. Na nchi zenyewe hubadilika. Mkia .yu wa Yugoslavia ulizimwa mwaka 2010, ilhali .su wa Umoja wa Kisovyeti uliendelea kusajiliwa miongo kadhaa baada ya dola hiyo kuvunjika.

Swali la sasa ni .io, wa visiwa vya Chagos vilivyo Bahari ya Hindi. Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kukabidhi visiwa hivyo Mei 2025, na kumekuwa na uvumi kwamba .io unakufa kesho. Haiko hivyo. Kwanza herufi hizo lazima ziondolewe kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Hata zikiondolewa, taratibu zinatoa miaka 5 ya kuhama, na muda huo unaweza kuongezwa. Kwa mwenye tovuti inayofanya kazi, ni jambo la kufuatilia tu. Kwa anayeshika jina tupu akisubiri mnunuzi ni jambo zito zaidi, kwa sababu mnunuzi naye amesikia uvumi huo na atautumia kukukatia bei.

Kodi ya fremu

Kabla ya kuwaza bei ya kuuzia, ijue ada yako ya mwaka. Isome kwenye akaunti, usiikumbuke tu. Mikia mingi mipya huuzwa mwaka wa kwanza kwa dola 1 au 2, kisha mwaka wa pili inakuwa 30, 40 au zaidi. Na yapo majina ambayo mtunza rejista ameyatenga kuwa ya thamani, ambayo ada yake ya kila mwaka inaweza kufika mamia ya dola. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu mara nyingi ada hiyo inamfuata mnunuzi. Unamtajia dola 3,000, anaangalia, anakuta atalipa 400 kila mwaka maisha yake yote, anakuaga.

Bei ya jumla ya .com ina ukomo uliowekwa kwenye mkataba. Mikia mingi mipya haina ukomo wa namna hiyo. Mwaka 2017 mtunza rejista mmoja alitangaza kuzidisha mara nyingi bei za mikia yake kadhaa, .hosting na .juegos ikiwamo, hadi wakala mkubwa akaacha kuiuza. Ila kuna kinga ambayo wachache wanaijua: kwa mikia iliyo chini ya mkataba wa kawaida wa ICANN, mtunza rejista anatakiwa kuwaarifu mawakala siku 180 kabla ya kupandisha ada ya kuhuisha, yaani ya kulipia tena jina ulilonalo, na mwenye jina anaweza kulipia hadi miaka 10 mbele kwa bei ya zamani. Mikia ya nchi haifungwi na sharti hilo.

Hesabu yenyewe

Tuseme una jina moja, ada dola 35 kwa mwaka. Wauzaji wazoefu wa .com husema kati ya kila majina 100 wanayoshika huuza 1 au 2 kwa mwaka, na mikia mingine huwa chini ya hapo. Tukupendelee, tuchukue 1 kwa 100. Bei unayoitamani ni dola 2,000. Soko la mtandaoni lililokutafutia mnunuzi linakata asilimia 15, unabaki na 1,700. Moja ya mia ya 1,700 ni dola 17. Hiyo ndiyo thamani ya kusubiri mwaka mmoja, nawe umeilipia 35. Ili usubiri bila kula hasara, bei unayoweza kuipata kwa nafasi hiyo ya 1 kwa 100 ingepaswa kupita dola 4,100.

Sasa aje mtu na dola 600 mkononi. Baada ya makato ni 510. Wewe unataka 3,000, ambazo baada ya makato ni 2,550. Ukikataa ukasubiri miaka 5, utalipa ada za 175. Ili kukataa kwako kuwe na maana, lazima uamini kwamba ndani ya miaka hiyo nafasi ya kumpata mtu wa 3,000 ni zaidi ya moja kati ya nne, yaani kama asilimia 6 kila mwaka. Mara sita ya kile kiwango tulichokupendelea nacho.

Inawezekana? Ndiyo, kwa baadhi ya majina. Lakini sababu isiwe "ni jina zuri". Iwe ni kitu unachoweza kukionyesha: umetafuta neno hilo ukakuta kampuni tatu zinalitumia, mbili kati yao zimejibana kwenye anwani ndefu zenye vistari, na mwaka huu umepokea maulizo mawili ambayo hukuyatafuta. Jina la namna hiyo lishike hata kwa miaka. Jina ambalo kwa miaka mitatu halijaulizwa na mtu hata mmoja limeshakujibu.

Jaribu pia kulisoma kwa sauti kwenye simu, umwambie wa upande wa pili aliandike. Akimaliza kwa kuongeza .com mwenyewe, umeona kile ambacho mnunuzi wako atakiona: barua za wateja wake zitakuwa zikienda kwa mwenye .com. Mnunuzi makini hukata bei kwa sababu hiyo, na ana haki.

Kuna kitu kimoja ambacho hesabu hii haikigusi, nacho ni fedha ulizokwisha lipa. "Nimelilipia miaka sita, siwezi kuliachia kwa 200." Mnunuzi hajui wala hajali ulilipa miaka mingapi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia jina miaka minne mfululizo kwa sababu tu niliona aibu kukiri kwamba usiku ule nilikosea.

Ofa, makadirio na matapeli

Programu za kukadiria thamani hutazama mauzo yaliyowahi kutangazwa, na mengi ya hayo ni ya .com. Tena orodha za mauzo huonyesha majina yaliyouzwa tu. Maelfu yaliyoachwa yafe kimyakimya hayaandikwi popote. Soma makadirio kama unavyosoma utabiri wa nyota.

Tofautisha pia nani anayekutajia bei. Mfanyabiashara wa domeni hununua kwa bei ya jumla ili naye akauze. Atakupa makumi ya dola au mamia machache, na hilo si tusi. Mwenye kampuni anayetaka kulitumia jina ndiye wa rejareja. Kwa mikia isiyozoeleka soko la jumla ni jembamba sana, kwa hiyo ukihitaji fedha wiki hii, usitarajie bei ya rejareja.

Na kuna barua inayowafikia karibu wote. Mnunuzi mwenye adabu nyingi, bei nzuri kupita kiasi, hana swali lolote kuhusu jina, ila ana sharti moja: kwanza upate cheti cha thamani kutoka kwa mkadiriaji anayemwamini, kiungo hiki hapa. Ukilipia cheti, mnunuzi hayupo tena. Mnunuzi wa kweli hakutumi kulipa mahali.

Jina lenye alama ya biashara ya mtu ndani yake ni suala jingine kabisa. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa usuluhishi unaomwezesha mwenye alama kudai jina lililosajiliwa kwa nia mbaya, na barua yako ya "nakuuzia kwa dola 10,000" ndiyo itakayokuwa ushahidi wake. Hilo halina kushika wala kuuza. Liache.

Ukiamua

Ukiuza, fedha zipitie kwa mtu wa kati anayezishika hadi jina lihame, kisha ndipo akuachie. Kwa mikia mingi jina lililosajiliwa karibuni haliwezi kuhamia kwa wakala mwingine hadi siku 60 zipite, hivyo usiahidi siku usiyoiweza. Mnunuzi akikwama kwenye bei, kulipa kwa awamu huokoa mauzo mengi: anatumia jina, analipa kila mwezi, na akikatisha jina linabaki kwako.

Ukishika, weka bei hadharani kwenye ukurasa wa jina lenyewe. Ukurasa mtupu hauuzi. Jiwekee pia tarehe na sharti: nisipopata maulizo mawili kabla ya kuhuisha tena, basi.

Ukiliacha, halipotei siku hiyohiyo. Kwa mikia mingi wakala anaweza kulishika hadi siku 45, kisha zinafuata siku 30 ambazo bado unaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu linakuwa la atakayewahi. Kabla ya kufika huko, pitia akaunti zako zote na uangalie kama kuna uliyoifungua kwa barua pepe ya jina hilo. Atakayelisajili baada yako anaweza kuifufua anwani ileile, kuomba nywila mpya, na kuipokea yeye.